Seven Sisters, Malham Cove au Mam Tor: Uchague Mwamba Upi kwa Siku Moja ya Mapumziko Uingereza

Ukiwa London, Leeds au Manchester na umepata siku moja ya mapumziko, picha za mashambani mwa Uingereza hazitakusaidia sana kuchagua pa kwenda, kwa kuwa hazimwambii mtu umbali wa kutoka kituo cha treni, wala mteremko utakaoyachosha magoti yake, wala jiwe lililolowa litakalomtelezesha. Ulinganisho huu unahusu sehemu tatu ambazo mtu asiye na gari anaweza kwenda na kurudi kwa siku moja: magenge meupe ya Seven Sisters katika pwani ya Sussex, ukuta mkubwa wa mawe wa Malham Cove huko Yorkshire, na kilima cha Mam Tor huko Derbyshire. Zote zimo ndani ya hifadhi za taifa, hazina kiingilio, na mandhari yake yanastahili safari. Zinapotofautiana hasa ni kwenye mwamba, na ninaamini kwamba anayechagua kwa kuutazama mwamba huchagua vizuri kuliko anayechagua kwa kutazama picha, kwa sababu mwamba ndio unaoamua njia itakuwaje, hatari itatoka upande gani, na mvua ikinyesha siku hiyo itakuharibia kiasi gani.

Msomaji aliyezoea Serengeti au Tsavo ajue kwanza kwamba hifadhi za taifa za Uingereza hazina lango la kulipia. Ndani yake mna vijiji, makanisa, mashamba na maelfu ya kondoo, na sehemu kubwa ya ardhi ni mali ya watu binafsi. Unapita humo kwa haki ya kisheria ya njia za miguu, ambazo zimechorwa kwenye ramani za Ordnance Survey, shirika la taifa la ramani, na kuonyeshwa njiani kwa vibao vidogo. Lango ulilolikuta limefungwa ulifunge tena ukishapita, mbwa umfunge kamba penye mifugo, na ng'ombe wenye ndama uwazunguke kwa mbali hata kama itakubidi uache njia kidogo.

Seven Sisters: chaki juu ya bahari

Anayeishi London hufikiria Seven Sisters kwanza, na ana haki, kwani treni ya kutoka stesheni ya Victoria humfikisha Eastbourne kwa muda wa saa moja na nusu hivi, na basi linalofuata barabara ya pwani kati ya Eastbourne na Brighton husimama Exceat, ambapo bonde la mto Cuckmere linaanza kufunguka kuelekea baharini. Kwa mtu asiye na gari, hakuna mandhari makubwa yaliyo rahisi kufikika kutoka London kuliko haya.

Magenge haya ni chaki tupu, yaani mabaki ya mwani mdogo mno wa baharini uliotuama chini ya maji katika enzi za dainosari, ukajirundika na kugandamana hata ukawa mwamba. Ukishuka ngazi za Birling Gap hadi ufukweni utaona, ndani ya weupe huo, mistari myeusi ya mawe ya gumegume iliyolala mmoja juu ya mwingine, na chini ya miguu yako utakuta gumegume hilohilo limeshavunjwa na mawimbi na kuviringishwa hadi likawa kokoto. Chaki huyanywa maji ya mvua haraka, kwa hiyo juu ya vilima hivi hakuna vijito wala kinamasi. Kuna nyasi fupi zilizolishwa kondoo kwa karne nyingi, na mtu anaweza kutembea akitazama bahari badala ya kutazama anapokanyaga.

Ramani, hata hivyo, humhadaa mgeni. Haven Brow, kilele kirefu kuliko vyote katika safu hiyo, hakifiki mita 80, na mtu akiona tarakimu hiyo hudhani kwamba ni matembezi ya mtoto. Lakini kutoka mdomo wa Cuckmere hadi Birling Gap unapanda na kushuka kila kilele kwa zamu yake, na magoti hayahesabu urefu wa kilele kimoja bali jumla ya vyote. Mwenye miguu imara anaweza kutoka Seaford hadi Eastbourne, kilomita 22 hivi, akapita pia Beachy Head, ambalo kwa mita zake 162 ndilo genge refu kuliko yote ya chaki kando ya bahari katika Uingereza. Hiyo ni kazi ya siku nzima.

Kuna jambo moja ambalo wengi hulijua wakiwa wamekwisha chelewa. Picha mashuhuri, ile yenye nyumba ndogo za walinzi wa pwani mbele na magenge yote nyuma yake, hupigwa kutoka upande wa magharibi wa mto, yaani upande wa Seaford. Aliyeshukia Exceat akafuata ukingo wa mashariki hadi ufukweni hataipata, na mdomoni mwa mto hapana daraja. Itambidi arudi Exceat ndipo avuke. Kwa hiyo amua kabla hujashuka kwenye basi: upande wa magharibi ni wa kuyatazama magenge, upande wa mashariki ni wa kutembea juu yake. Mwenye saa chache aende magharibi.

Hatari ya hapa iko ukingoni, nayo haionekani kwa aliyesimama juu. Bahari huikata chaki kwa chini, nyasi zikabaki zimening'inia juu ya hewa, na anayesogea mbele ili apigwe picha hana njia ya kujua kama amesimama juu ya mwamba au juu ya pande la ardhi linalongoja kudondoka. Si tahadhari ya vitisho: mnara wa zamani wa taa wa Belle Tout, uliojengwa katika miaka ya 1830, ilibidi mwaka 1999 uinuliwe mzima na kusogezwa nyuma mita 17 kwa sababu genge lilikuwa limeufikia, na Birling Gap kuna nyumba ambazo zimeshabomolewa kabla bahari haijazichukua. Chini ufukweni nako usikae ukiwa umeegemea ukuta wa genge, na angalia saa za kupwa na kujaa kwa maji kabla ya kwenda mbali.

Malham Cove: jiwe linalokunywa mto

Nikiambiwa nichague sehemu moja tu kati ya hizi tatu kwa utajiri wa mambo ya kuona, nitachagua Malham bila kusita. Malham Cove ni genge la mawe ya chokaa lililopinda mfano wa nusu duara, kimo chake kama mita 80 na upana wake kama mita 300, na kutoka kijijini Malham njia ya kwenda miguuni pake ni ya changarawe na tambarare kwa sehemu kubwa, ikipita kati ya malisho yaliyogawanywa kwa kuta za mawe yasiyounganishwa kwa saruji. Unauona ukuta ule mapema, kisha unaendelea kutembea nao ukiendelea kukua mbele yako.

Mwishoni mwa enzi ya barafu, zaidi ya miaka 12,000 iliyopita, maji ya barafu iliyokuwa ikiyeyuka yaliporomoka kutoka juu ya genge hili. Leo hapaporomoki kitu, kwa kuwa mto ulishapata njia ndani ya mwamba wenyewe. Desemba 2015, baada ya mvua kubwa za dhoruba iliyopewa jina la Desmond, maji yalizidi uwezo wa mapango ya chini na kwa muda mfupi yakarudi kuanguka kutoka juu ya genge, jambo ambalo hakuna aliye hai aliyekuwa amelishuhudia hapo kabla. Siku za kawaida kijito hutoka chini kabisa, kwenye mwanya mwembamba ulio mguuni mwa ukuta, kimya, pasipo povu wala kishindo, na ukisimama hapo ni vigumu kuamini kwamba maji hayo yametoka ndani ya jabali.

Aliyewahi kuingia mapango ya Amboni karibu na Tanga ameshaona kazi ya maji ndani ya mawe ya chokaa, na Malham ni kazi ileile iliyofunuliwa kweupe. Panda ngazi za mawe zipatazo 400 kando ya genge na utafika kwenye sakafu pana ya mwamba wa kijivu usio na udongo, kwa kuwa barafu iliukwangua ukaondoka. Mvua, ambayo huwa na asidi kidogo, imeyayeyusha maungio ya jiwe kwa maelfu ya miaka hadi sakafu yote imekatika vipande vikubwa vilivyotenganishwa na nyufa, nyingine zenye kina cha kummeza mtu hadi kiunoni. Inama uchungulie ndani ya mojawapo. Chini, kwenye kivuli chenye unyevu, kuna kangaga za majani marefu yanayong'aa na mimea mingine ya msituni, ambayo juu ya jiwe isingedumu kwa upepo na kwa meno ya kondoo, lakini humo imepata hifadhi yake.

Kilomita chache kaskazini liko ziwa dogo la Malham Tarn, mita 377 juu ya usawa wa bahari, ambalo halikauki kwa sababu limekalia mwamba wa aina nyingine usiopitisha maji. Mto unaotoka ziwani humo hutiririka umbali mfupi, ukifika kwenye chokaa unazama ardhini mbele ya macho yako, na mtu yeyote angekisia kwamba ndio unaotokea chini ya genge. Waliotia rangi ndani ya maji ili kuyafuatilia waligundua sivyo: maji ya ziwa hutokea kusini zaidi, upande wa pili wa kijiji, na kijito cha mguuni mwa genge hutoka mahali pengine kabisa. Njia mbili za maji zinapishana gizani ndani ya jabali, kila moja na safari yake. Ninashauri kila mwenye muda atembee hadi pale mto unapozama, kwa kuwa ndipo Malham yote inapoeleweka.

Mzunguko wa kawaida ni wa kilomita 8 hivi, na unaanzia kwenye maporomoko madogo ya Janet's Foss yaliyo kichakani, ukapita Gordale Scar, ndipo ukafika Malham Cove. Gordale ni korongo ambalo kuta zake zimeinamiana juu ya kichwa chako na maji huporomoka katikati, na kwa wengine linatia hofu kuliko genge lenyewe. Kuna wanaokwea kando ya maporomoko hayo ili waendelee mbele. Maji yakiwa mengi usijaribu, rudi uliko­tokea uzunguke. Majira ya kuchipua, kozi, ndege wawindaji wenye kasi, hutaga na kulea makinda kwenye ukuta wa Malham Cove, na wapenzi wa ndege hukusanyika chini wakiwa na darubini.

Malham ina kasoro mbili. Ya kwanza ni kwamba mawe ya sakafu ile yamesuguliwa na buti za watu wengi mno, na yakilowa huteleza vibaya sana, huku nyufa zikingoja kifundo cha mguu. Siku ya mvua tazama genge kutoka chini na usipande. Ya pili ni usafiri: treni kutoka Leeds hufika Skipton kwa dakika 45 hivi, lakini kutoka Skipton hadi Malham mabasi ni machache, na katika siku nyingine hakuna kabisa linalofaa. Asiye na gari aangalie ratiba ya basi la kurudi kabla ya kununua tiketi ya treni ya kwenda.

Mam Tor: kilima kinachotembea

Mam Tor, mita 517, ndicho kilima kinachotoa mandhari makubwa kwa jasho dogo kuliko vyote ninavyoweza kumpendekezea mgeni. Treni za kati ya Manchester na Sheffield husimama kwenye kituo cha Edale, na mtu hushuka hapo akaanza kutembea moja kwa moja kutoka kituoni, bila basi wala teksi. Njia hupanda hadi mahali paitwapo Hollins Cross, kisha hufuata mgongo wa kilima uliotandazwa mawe bapa hadi kileleni. Mwenye gari ana urahisi zaidi, kwani kutoka maegesho yaliyo karibu na kilele ngazi za mawe humfikisha juu kwa dakika kama 20.

Ukiwa juu, umesimama mahali ambapo miamba ya aina mbili hukutana. Kusini kuna chokaa nyeupe na korongo la Winnats, ambalo barabara hupanda ndani yake kwa mteremko mkali. Kaskazini kuna bonde la Edale na uwanda wa juu wa Kinder Scout, wenye mwamba wa mchanga wa rangi ya giza na kinamasi. Bomba la kiwanda cha saruji cha Hope nalo huonekana waziwazi, na anayetaka mandhari yasiyo na alama ya kazi ya binadamu ajue mapema kwamba litakuwamo kwenye picha yake.

Kinder Scout unapaswa kuangaliwa kwa heshima. Tarehe 24 Aprili 1932, mamia ya watembeaji, wengi wao vijana wafanyakazi kutoka Manchester, walipanda huko kwa makusudi ingawa ardhi ilikuwa imefungwa kwa ajili ya wawindaji wa ndege, na watano kati yao wakafungwa jela. Sheria ya hifadhi za taifa ilipitishwa mwaka 1949, na mwaka 1951 eneo hilihili la Peak District likawa hifadhi ya taifa ya kwanza ya nchi. Edale pia ndipo inapoanzia Pennine Way, njia ya miguu ya zaidi ya kilomita 400 inayokwenda hadi Uskoti na kupita Malham. Kwa hiyo sehemu mbili kati ya hizi tatu zimefungwa kwenye kamba moja.

Mwamba wa Mam Tor ni tabaka za mchanga mgumu zilizokalia tope laini lililogandamana, na mvua ikiingia kati, upande mzima wa mashariki huteleza. Umekuwa ukiteleza hivyo kwa maelfu ya miaka. Karne ya 19 watu walijenga barabara kuu ikapita juu ya maporomoko hayo, wakaitengeneza mara kwa mara, na mwaka 1979 wakakata tamaa na kuifunga moja kwa moja. Barabara hiyo bado ipo, na kwangu ndiyo sehemu ya kukumbukwa kuliko hata kilele: lami imepasuka na kuinama, upande mmoja umeshuka chini ya upande wa pili, na kwenye sehemu zilizokatika unaweza kuhesabu tabaka za lami zilizomwagwa moja juu ya nyingine kila walipojaribu kuiokoa. Unaifikia kwa kutembea kutoka kijiji cha Castleton.

Kuzipima kwa pamoja

Kwa usafiri wa umma Mam Tor inashinda, Seven Sisters inafuata kwa karibu, na Malham inaachwa mbali. Kwa siku ya mvua mpangilio ni uleule kwa sababu nyingine: mawe bapa ya Mam Tor hustahimili hali yoyote, ingawa ukungu unaweza kukunyima mandhari yote, chaki ya njiani huteleza ikilowa lakini nyasi za pembeni zinatembeleka, chokaa ya Malham ni ya kuiepuka. Upepo hubadilisha hesabu. Siku ya upepo mkali usiende karibu na ukingo wa Seven Sisters kwa hali yoyote, na mgongo wa Mam Tor utakuchosha kuliko mwinuko wenyewe, ilhali miguuni mwa Malham Cove unaweza kukuta utulivu.

Majira nayo yana neno. Mwishoni mwa Desemba jua huzama karibu na saa kumi jioni katika sehemu zote tatu, na aliyezoea magharibi ya saa kumi na mbili hushikwa na giza akiwa bado kilimani; Juni mwanga hudumu hadi baada ya saa tatu usiku. Wakati wa baridi ningekwenda Mam Tor tu, tena asubuhi. Mei ni mwezi wa Malham, kwa sababu ya kozi na mimea ya nyufani, na Juni ni wa chaki. Jumamosi na Jumapili za kiangazi sehemu zote tatu hujaa watu, na tofauti ni kwamba Seven Sisters ina nafasi ya kuwameza, wakati kilele cha Mam Tor hakina.

Mavazi hayatofautiani sana: buti zenye soli ya kushika, koti la kuzuia mvua hata kama kumekucha na jua, chakula na chai ya kutosha, na ramani isiyotegemea mtandao wa simu, ambao mabondeni hukatika. Jambo likiharibika piga 999. Kilimani uombe polisi kisha kikosi cha uokoaji milimani, na penye magenge ya bahari uombe walinzi wa pwani.

Kwa hiyo anayeishi London bila gari asihangaike kwenda kaskazini kwa siku moja. Aende Seven Sisters, upande wa Seaford kama ana nusu siku, na njia yote hadi Eastbourne kama ana siku nzima. Anayeishi Manchester au Sheffield ana Mam Tor mlangoni pake na hana udhuru. Anayeishi Leeds au Bradford aende Malham ratiba ya basi ikimruhusu, au ashirikiane gari na wenzake, na isipowezekana apande treni hadi Sheffield na kuunganisha hadi Edale. Mwenye gari na siku isiyo na mvua, popote alipo kaskazini, aende Malham.

Wenye wazee au mtoto wa kigari wana machaguo mawili yanayofaa kweli. Kuna njia ya bonde la Cuckmere kutoka Exceat hadi ufukweni, ambayo ni tambarare mwanzo hadi mwisho, na kuna njia ya kutoka kijijini Malham hadi kwenye kile kijito kinachotoka chini ya genge. Kati ya hizo mbili ningempeleka mzazi wangu Malham, kwa kuwa pale asiyepanda hakosi kilicho bora: genge lenyewe huonekana kubwa zaidi ukiwa chini yake kuliko ukiwa juu, na maji yapo karibu kiasi cha kuyagusa.